Mashine Si Hiyo Hapo?

Mama yule alifika kwenye dirisha letu la kupokelea sampuli kama saa tano asubuhi, foleni ikiwa imekwisha kupungua, akiwa amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na ushei ambaye shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Alinipa karatasi ya daktari. Ilikuwa na maelezo ya mtoto ambaye hospitali imemchunguza hadi ikachoka: degedege za kurudiarudia, kuchelewa kukaa, kutomtazama anayemsemesha. Chini kabisa, mahali pa vipimo, mtu alikuwa ameandika maneno mawili tu, "asidi amino", yaani zile molekuli zinazojenga protini. Niliyasoma mara mbili. Nilikuwa na miaka minne kazini na sijawahi kuletewa ombi la namna hiyo, kwa hiyo nilimwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba kipimo hicho hatukifanyi na kwamba damu ingepaswa kupelekwa nje ya nchi. Hakubishana. Alitazama nyuma yangu, kwenye mashine ya kemia iliyokuwa ikizungusha vichupa vyake kwa mlio wake ule wa kukoroma, akauliza: "Sasa daktari, mashine si hiyo hapo?"

Mimi si daktari; ni mtaalamu wa maabara, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na siku hizi sisahihishi tena. "Hii inapima vitu vingine, mama," nilimjibu. Aliitikia, akamkaza mtoto kwa kanga, akaondoka, na sikumwona tena.

Jibu langu lilikuwa kweli kwa siku ile, kwa sababu kitendanishi, ile kemikali ya kufanyia kipimo, hatukuwa nacho. Lakini kama maelezo ya kile ambacho mashine ile inakiweza na isichokiweza, lilikuwa jibu la mtu asiyekijua vizuri chombo anachokiwasha kila asubuhi, na ilinichukua miaka kadhaa na safari moja ya masomo kulitambua hilo.

Chukua kipimo cha urea, ambacho tulikuwa tukikifanya siku nzima kwa ajili ya wagonjwa wa figo. Katika kitendanishi chake mna vimeng'enya viwili, yaani protini zinazoendesha mimenyuko ya kemikali. Cha kwanza huivunja urea na kutoa amonia. Cha pili, glutamati dihaidrojinesi, huichukua amonia hiyo na kuiunganisha na kiungo kingine kilichotiwa humo, na kinachozaliwa ni glutamati, ambayo ni asidi amino. Katika kazi hiyo hutumika molekuli iitwayo NADH, ambayo hugeuka na kuwa NAD, na hapo ndipo mashine inapopata cha kuona: NADH hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 340 na NAD haiufyonzi, kwa hiyo kadiri urea ilivyo nyingi katika damu ndivyo mstari kwenye skrini unavyoshuka kwa kasi. Kipimo cha ALT, kile cha ini, nacho husomwa kwa mwanga uleule, na kitendanishi chake kina alanini, asidi amino nyingine, iliyotiwa humo kiwandani. Asidi amino zilikuwa zikiingia na kutoka katika mashine yetu tangu asubuhi hadi jioni. Tulizitumia kuyapima mafigo na maini ya watu, na haikunijia hata siku moja kwamba mmenyuko uleule, ukiendeshwa kinyumenyume, unaweza kuzipima zenyewe.

Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza, tone la damu linalochukuliwa kisiginoni mwa mtoto linahusiana vipi na ubongo. Ubongo hauingizi kila kilichomo katika damu. Kati ya mishipa yake na chembe zake pana kizuizi, na asidi amino zenye umbo kubwa huvushwa hapo na protini maalumu ambazo hubeba aina nyingi kwa pamoja. Anayeijua pantoni ya Kigamboni hahitaji maelezo marefu: nafasi ni zilezile, na wakijazana abiria wa aina moja, wengine hubaki ng'ambo. Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria ana hitilafu katika kimeng'enya cha ini kinachoigeuza asidi amino iitwayo fenilalanini kuwa nyingine iitwayo tirosini, kwa hiyo fenilalanini inayotoka katika maziwa, hata yawe ya mama yake mwenyewe, hujikusanya katika damu siku baada ya siku. Hiyo ndiyo inayoijaza pantoni. Tirosini na triptofani, ambazo ubongo huzihitaji ili kutengeneza dopamini na serotonini, huachwa gatini, na ile fenilalanini iliyovuka kwa wingi huvuruga utengenezaji wa ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva. Mtoto huzaliwa mzima. Huharibika baadaye, taratibu, kwa chakula kilekile kinachowanenepesha wenzake.

Ugonjwa huo uligunduliwa nchini Norway mwaka 1934, na uligunduliwa kwa sababu ya mama mwingine ambaye hakukubali kujibiwa kwa mkato. Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili, Liv na Dag, waliozaliwa wakiwa wazima kisha akili zao zikadumaa, na alikuwa akisema kwamba watoto hao wana harufu isiyo ya kawaida, jambo ambalo madaktari aliowaendea hawakulitilia maanani. Hatimaye alifika kwa Asbjørn Følling, ambaye alikuwa daktari na pia mwanakemia. Følling aliudondoshea mkojo wa watoto hao feri kloridi, kama ilivyokuwa desturi ya kutafuta ketoni, akitarajia ama rangi isibadilike ama igeuke damu ya mzee. Ikageuka kijani. Aliagiza mkojo zaidi, lita kwa lita, akausafisha na kuusafisha hadi akaitenga asidi ya fenilpiruvi, kisha akapima mkojo wa wagonjwa 430 waliokuwa katika taasisi za watu wenye ulemavu wa akili, na wanane kati yao ukageuka kijani vilevile.

Hadithi hiyo husimuliwa sana, na kwa kawaida huishia hapo. Mimi huvutiwa zaidi na alichokifanya miaka michache baadaye. Rangi ya kijani ilionyesha taka iliyotoka mwilini. Følling alitaka kujua kiasi cha fenilalanini yenyewe ndani ya damu, na kemia ya wakati huo haikuwa na njia nyepesi ya kuitambua asidi amino moja katikati ya kundi la zinazofanana nayo. Yeye na mwenzake Karl Closs wakaamua kumtumia bakteria, Proteus vulgaris, ambaye ana uwezo wa kuigeuza fenilalanini kuwa fenilpiruvi. Wakampa bakteria sampuli, wakamwachia afanye kazi yake, kisha wakakipima kilichotokea. Kwa maneno mengine, fenilalanini ya damu ilianza kupimwa kwa kimeng'enya tangu zamani hizo, ila kimeng'enya kilikuwa bado hakijatolewa ndani ya mwenyewe.

Ugumu uliowasukuma kwa bakteria unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio uliolipa jambo hili lote umbo lake. Asidi amino ishirini zinazojenga protini zote zina kichwa kimoja na hutofautiana mkia tu. Kemikali ya ninihidrini, ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari, huzipaka karibu zote rangi moja ya zambarau, kwa hiyo hukuambia kwamba zipo bila kukuambia ni zipi. Njia ya kwanza ya kuaminika ilikuwa ni kuzitenganisha kwanza na kuzipima baadaye: mwaka 1958 Stanford Moore na William Stein wa New York, pamoja na Darrel Spackman, walieleza mashine iliyozipitisha katika nguzo ya resini ili kila moja itoke kwa wakati wake. Ilikuwa kazi kubwa, na Moore na Stein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, lakini sampuli moja ilichukua karibu siku nzima. Leo spektrometa ya masi, mashine inayozipambanua molekuli kwa uzito wake, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache na kusoma magonjwa kadhaa kwa mkupuo mmoja, na hospitali yenye uwezo wa kuinunua, kuitunza na kumlipa fundi wake haina sababu ya kusoma makala haya.

Kimeng'enya hufuata njia nyingine kabisa. Hakina haja ya kutenganisha, kwa sababu pango lake la kufanyia kazi limechongwa kwa umbo la molekuli moja, au la molekuli na ndugu zake wa karibu, na nyingine zote hupita mbele yake kama wapita njia. Ukikitia katika damu iliyochanganyika kila kitu, kitaigusa ile yake tu, na kama kazi hiyo inazaa NADH, mashine yenye taa ya nanomita 340 itaiona.

Kati ya bakteria wa Følling na kichupa cha kimeng'enya kilichosafishwa yupo Robert Guthrie, na siwezi kumruka. Guthrie alikuwa Buffalo, jimbo la New York, naye alikuwa na mwana mwenye ulemavu wa akili na binti wa ukoo wao mwenye fenilketonuria, kwa hiyo hakuwa akitafuta cha kuchapisha tu. Alichukua bakteria Bacillus subtilis, akamweka katika ute wenye kemikali inayomzuia asikue, kemikali ambayo nguvu yake huvunjwa na fenilalanini ikiwa nyingi. Juu ya ute huo alipanga vipande vya karatasi ya chujio vilivyokauka na damu ya watoto. Kesho yake, kila kipande kilichozungukwa na duara la ukungu wa bakteria kilikuwa cha mtoto wa kuitwa haraka. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1963, yeye pamoja na Ada Susi, na kwa maoni yangu mchango wake mkubwa haukuwa bakteria bali karatasi: alionyesha kwamba damu ya kisigino iliyokauka inaweza kutiwa katika bahasha ya posta na ikafika bado ina habari.

Kimeng'enya chenyewe, fenilalanini dihaidrojinesi, kilielezwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 1984 kutoka kwa bakteria wa jenasi Brevibacterium, na Yasuhisa Asano na wenzake nchini Japani wakafuata na cha Sporosarcina ureae. Wakati huo viwanda vilikuwa vikitaka kimeng'enya cha namna hii ili kutengenezea fenilalanini kwa wingi, kwani ndiyo malighafi ya aspatemu, sukari bandia. Ukiligeuza kopo la soda isiyo na sukari, mara nyingi utakuta onyo kwamba ina chanzo cha fenilalanini. Onyo hilo limeandikwa kwa ajili ya watoto wa Følling. Hivyo kimeng'enya kilekile ambacho kingeweza kuitengeneza fenilalanini ya soda, kikigeuzwa mwelekeo, kinamtambua mtu asiyepaswa kuinywa.

Nilikuja kukishika kwa mkono wangu katika maabara ya uchunguzi wa watoto wachanga huko Ulaya, nilikokaa miezi mitatu kwa mafunzo. Walikuwa na spektrometa ya masi kwa kazi ya kila siku, ila walikuwa wamebakiza kipimo cha kimeng'enya kwa kuhakiki na kwa kufundishia. Mwalimu wangu, mama wa makamo mwenye maneno machache, hakunikabidhi damu ya mtu yeyote wiki ya kwanza. Alinipa nyanya mbili, moja mbichi na moja iliyoiva sana, na kuniambia nizipime glutamati kwa glutamati dihaidrojinesi, yaani kile kimeng'enya cha kitendanishi changu cha urea, nikiwa nimekipa NAD badala ya NADH ili kiende kinyume. Nilikamua, nikachuja, nikatia. Mstari ulipanda kidogo kisha ukalala. Mwalimu alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mmenyuko ule kwa asili yake hupenda kwenda upande wa kuunda glutamati, si kuivunja, kwa hiyo ukiulazimisha kurudi nyuma unasimama njiani, kama gari bovu mlimani, hata kama glutamati ingalipo tele. Dawa yake ni kuiondoa NADH kila inapozaliwa, ili mmenyuko ujikute una deni lisilokwisha. Tuliongeza kimeng'enya cha pili kiitwacho diaforesi na rangi ya rezazurini, ambayo ni ya buluu na ambayo ikipokea elektroni za NADH hugeuka waridi inayong'aa. Nyanya mbivu ikawa waridi kali, mbichi ikabaki karibu buluu, na nikaelewa kwa macho kwa nini mchuzi wa nyanya mbivu huwa na utamu ambao mbichi hauna.

Rangi hiyo ya waridi ndiyo inayobeba kipimo cha watoto pia. Kipande kinachotobolewa katika kadi ya damu kina kipenyo cha milimita 3 na kidogo, na damu iliyomo haizidi sana mikrolita 3. Mtoto mzima ana fenilalanini isiyofika mikromoli 120 kwa lita, na mwenye fenilketonuria kamili huvuka 1200. Hata huyo wa pili, fenilalanini yote iliyomo katika kile kipande haifiki mikrogramu moja. Ukisoma NADH moja kwa moja kwa nanomita 340 utaona badiliko dogo sana, lililo karibu kumezwa na makosa ya mashine, ilhali waridi inayong'aa hujitokeza wazi. Kazi yenyewe ni ya mikono: kipande huruka kwa umeme tuli wa plastiki na kujibandika ukingoni mwa kishimo, nawe unakishusha kwa ncha ya pipeti huku umebana pumzi; unatia asidi ili protini na wekundu wa damu vigande kwenye karatasi; unaichukua juisi yake iliyo angavu, unaipunguza ukali, ndipo unatia kimeng'enya.

Siku ya pili ya kufanya kazi hiyo peke yangu niliisahau hatua ya kupunguza ukali. Sahani ilikuwa na vishimo 96, vyote vya kadi za mazoezi, na baadhi ya kadi hizo nilijua zimetiwa fenilalanini ya kutosha kuwatia hofu wazazi. Nilisubiri dakika zote zinazotakiwa. Sahani nzima ikabaki buluu. Kimeng'enya kilikuwa kimekufa katika asidi tangu sekunde ya kwanza, na kwa mashine, sahani yenye kimeng'enya kilichokufa na sahani ya watoto wazima ni kitu kimoja. Laiti ingekuwa damu ya kweli na sijaweka vidhibiti, yaani sampuli ambazo jibu lake linajulikana tayari, ningekuwa nimetuma majibu mazuri kwa familia zote. Nimefanya makosa mengi maabara, na mengi yao hupiga kelele: namba zinakuwa kubwa mno, taa nyekundu inawaka. Hili lilikuwa kosa la kwanza kunitisha kwa ukimya wake. Kipimo cha Guthrie nacho kilikuwa na udhaifu wa aina hiyo, kwa maana mtoto aliyepewa antibayotiki aliweza kuwaua wale bakteria waliopaswa kumshtaki.

Upo udhaifu mwingine ambao wauzaji wa vitendanishi huupitia haraka. Nimesema pango la kimeng'enya limechongwa kwa umbo la molekuli na ndugu zake. Tirosini ni ndugu wa karibu sana wa fenilalanini, na baadhi ya dihaidrojinesi hizi, ikiwamo ile ya Bacillus sphaericus, huigusa pia. Mtoto njiti ambaye ini lake halijakomaa anaweza kuwa na tirosini ya juu kwa muda na akaonekana mgonjwa wa fenilketonuria bila kuwa nayo. Ndiyo maana wahandisi wa protini wamehangaika kulibadilisha pango lenyewe, na ndiyo maana jibu la kimeng'enya linapokuwa baya huhakikiwa kwa njia nyingine kabla ya kumwita mzazi.

Lakini undugu huohuo una siku zake za kusaidia. Mwaka 1954 John Menkes na wenzake mjini Boston walieleza watoto wanne wa familia moja waliokufa katika majuma ya mwanzo ya maisha, mkojo wao ukiwa na harufu ya shira inayotengenezwa Marekani na Kanada kwa utomvu wa mti. Mtu wa pwani angesema shira ya kaimati iliyoanza kuungua. Watoto hao hawawezi kuzivunja asidi amino tatu, leusini, isoleusini na valini, na leusini inapopanda ubongo huvimba. Kimeng'enya cha leusini dihaidrojinesi hakibagui kati ya hizo tatu, nacho huzihesabu zote kwa pamoja, na kwa kuwa katika ugonjwa huu zote tatu hupanda, kutobagua kwake hakuleti hasara. Kinachohitajika hapo ni haraka. Mtoto wa fenilketonuria ana majuma. Mtoto huyu ana siku. Katika jimbo la Pennsylvania, ambako ugonjwa huu ni mwingi miongoni mwa Wamennonaiti kwa sababu ya kuoana ndani ya jamii ndogo, daktari Holmes Morton alianzisha mwaka 1989 kliniki katika mji mdogo wa Strasburg, na jambo alilolisisitiza ni kuwa na mtambo wa kupimia asidi amino palepale, ili jibu lipatikane siku ileile badala ya kusubiri maabara ya mbali. Mtambo wao haukuwa wa kimeng'enya, ila hoja yao ndiyo yangu.

Si watoto peke yao. Mgonjwa aliyepasuka kichwa katika ajali anaweza, katika hospitali zenye uwezo huo, kuwekewa ndani ya ubongo mrija mwembamba wenye utando wa milimita 10, mbinu iliyoendelezwa na Urban Ungerstedt mjini Stockholm. Maji ya chumvi hupita humo kwa kasi ya mikrolita 0.3 kwa dakika, yakibadilishana molekuli na ubongo, na kila saa hupatikana mikrolita 18 za kupima. Glutamati, ambayo chembe za neva huitumia kusemezana, humwagika ovyo chembe zinapokosa hewa, nayo ikizidi huziua jirani. Kuipima humo hutumika glutamati oksidesi, kimeng'enya cha bakteria wa Streptomyces kilichopatikana Japani, ambacho hakina ule ubishi wa nyanya zangu: huivunja glutamati moja kwa moja bila kurudi nyuma na kutoa haidrojini peroksidi, ambayo kimeng'enya kingine huigeuza kuwa rangi.

Kuhusu serini ya mkono wa kulia, ile inayoitwa D-serini, asidi amino iliyo kama taswira ya serini ya kawaida kwenye kioo, nitasema kidogo. Tangu Atsushi Hashimoto na wenzake walipoikuta kwa wingi katika ubongo wa panya mwaka 1992, imehusishwa na skizofrenia na baadaye na ugonjwa wa Alzheimer, na kipo kimeng'enya kinachozigusa asidi amino za mkono huo tu na kuziacha zile za kawaida. Ni kemia nzuri. Hata hivyo, tofauti kati ya wagonjwa na wazima ni ndogo na makundi hayo huingiliana, na mtu anayewauzia watu kipimo cha damu cha skizofrenia kwa njia hiyo anauza matumaini.

Narudi nyumbani. Fenilketonuria kwa watu weusi wa Afrika ni nadra kuliko ilivyo Ireland au Uturuki, na sitaki mtu anielewe kwamba napendekeza kila mtoto wa Tanzania apimwe kesho. Kwa kadi moja ya damu, mimi ningeanza na selimundu, kama ilivyojaribiwa Dar es Salaam na Mwanza. Ninachokitaka ni kidogo zaidi. Nataka mtoto wa degedege zisizo na sababu, au mtoto wa familia ya mwambao ambako mabinamu wameoana na mtoto mwingine alikwisha kufa akiwa na siku chache, asirudishwe dirishani na mtu kama mimi. Kadi tayari tunazo: wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto wamekuwa wakichoma visigino na kukausha kadi za DBS, yaani kadi za matone ya damu iliyokaushwa, kwa ajili ya watoto wa akina mama wenye virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi, na wanajua kuliko mtaalamu yeyote wa Ulaya jinsi unyevu wa masika unavyoweza kuiharibu damu kabla haijakauka, na kwa nini bahasha isifungwe bila vifuko vya kukaushia. Mashine tunayo. Plasma, yaani majimaji ya damu, tunayo nyingi kuliko iliyomo katika kile kipande cha karatasi, kwa hiyo hata ile taa ya nanomita 340 inaweza kutosha. Kinachokosekana ni kichupa cha kimeng'enya, NAD, vidhibiti, jokofu lisilokatika umeme, na mtu aliyewahi kuiona sahani ya buluu ikimdanganya.

Na kuna suala la saa, ambalo kadi za DBS hazilitatui. Kadi hizo huchukuliwa mtoto akiwa na wiki kama sita. Kwa leusini, wiki sita ni baada ya mazishi. Lakini kuwahi mno nako hakusaidii, kwa sababu fenilalanini haipandi hadi mtoto awe amenyonya. Damu inayochukuliwa kabla ya saa 24 inaweza kumwonyesha mgonjwa kuwa mzima.

Mdogo wangu wa kike alijifungua mwaka jana, Ijumaa, saa mbili usiku. Kila kitu kilikwenda salama, wodi ilikuwa imejaa, na Jumamosi saa tisa alasiri tulikuwa katika bajaji tukirudi nyumbani, mimi nikiwa nimempakata mtoto ndani ya kanga mbili na mama yake akiwa ameniegemea bega kwa usingizi. Penye foleni ya taa alifumbua macho akanikuta nakunja vidole kimoja kimoja juu ya kisigino cha mtoto.

"Kaka, unahesabu nini?"

"Saa," nilimjibu. Zilikuwa kumi na tisa.